Nokia 808 na Ukili wa Bibi

Nimetumia simu nyingi tangu nianze kazi ya kuandika na kupiga picha huku mkoani Tanga, na nyingi kati ya hizo nimezisahau hata majina. Moja sijaisahau: Nokia 808 PureView, simu nene yenye nundu mgongoni, iliyotangazwa Barcelona tarehe 27 Februari 2012. Nataka kuitathmini kwa haki. Wakati ule wengi waliihukumu kwa namba moja tu, na leo naona hukumu za aina hiyo zikitolewa kila simu mpya inapoingia madukani.

Namba yenyewe ilikuwa 41. Simu zilizosifiwa zaidi mwaka ule, iPhone 4S na Samsung Galaxy S III, zilikuwa na kamera za megapikseli 8, na sehemu kubwa ya watu wa kwetu walikuwa bado na simu za megapikseli 2 au pungufu. Ghafla Nokia wakaja na 41. Waliosikia habari hiyo waligawanyika: kuna waliosema ni uongo, na kuna waliosema ni sifa za bure. Muuza simu mmoja ninayemheshimu aliniuliza, "Sasa hiyo picha utaifungulia wapi, kaka? Kompyuta gani itaibeba?" Lilikuwa swali la maana, na jibu lake ndilo linaloeleza simu nzima.

Waliobuni 808 hawakukusudia upige picha za megapikseli 41 kila siku. Ukiiwasha na kubonyeza bila kugusa chochote, inakupa picha ya megapikseli 5. Kazi ya pikseli zile nyingi ni kushauriana. Pikseli kama saba zilizo jirani zinakusanya mwanga kila moja kwa nafasi yake, kisha simu inazijumlisha na kutoa pikseli moja, kama kadhi anayesikiliza mashahidi saba kabla ya kuamua shauri ambalo mwingine angelimaliza kwa shahidi mmoja. Pikseli moja ikidanganya kwa sababu mwanga ni hafifu, nyingine sita zinaisahihisha. Ndiyo maana picha zake za megapikseli 5 hazikuwa na zile chenga za rangi zinazojaa kwenye vivuli vya picha za simu nyingi za zama zile.

Hesabu hiyo isingefaa kitu kama kipande kinachopokea mwanga, yaani kihisi, kingekuwa kidogo. Kihisi cha 808 kilikuwa na upana wa milimita 10 na ushei kwa kimo cha milimita 8. Eneo lake lilizidi mara tano eneo la kihisi cha iPhone 4S. Hapo ndipo palipokuwa na siri, na jambo hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo lolote. Nokia walisema kazi ya kuitengeneza iliwachukua zaidi ya miaka mitano. Naamini, maana simu ile ilionyesha dalili za watu waliokaa muda mrefu na tatizo moja.

Yangu ilinifikia mwaka 2013 kutoka kwa binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Alijua napenda picha, akaninunulia nyeupe na kumpa jamaa aliyekuwa anarudi nyumbani. Niliposhika boksi nilihisi uzito kabla ya kulifungua. Gramu 169 si uzito wa kutisha leo, lakini wakati ule simu zilikuwa zikishindana kuwa nyembamba, na hii ilikuwa na unene wa milimita 14 mwilini na karibu 18 pale penye nundu. Ukiitia kwenye mfuko wa kanzu, kanzu inavutwa upande mmoja mpaka watu wanakuuliza umebeba nini.

Nundu ile ilichekwa sana, na mimi nitaitetea. Kihisi kikubwa kinahitaji lenzi kubwa, na lenzi kubwa inahitaji umbali kutoka kwenye kihisi ili mwanga ufike mpaka pembeni kwa ukali uleule. Huwezi kuukunja umbali huo ukauficha. Waliobuni walikuwa na njia mbili: kupunguza kihisi ili simu ilale bapa, au kukiacha kihisi na kuukubali uvimbe. Walichagua uvimbe. Ndani yake wakaweka lenzi ya Carl Zeiss, flashi, taa ndogo ya kupigia video na spika, mwili uliobaki ukawa mwembamba kiasi cha kushikika. Mkononi nundu ilikuwa na faida ambayo hakuna tangazo lililoitaja: kidole cha shahada kinapata pa kuegemea chini yake, hivyo vidole havizibi lenzi, na simu inatulia unapoishika kwa mlalo. Mgongo wake ulikuwa na umbile la kukwaruza kidogo ambalo halikuteleza hata mkono ukiwa na jasho la Machi. Upande mmoja kulikuwa na kitundu cha kupitishia kamba ya kuvaa mkononi. Kwa mtu anayepiga picha akiwa ndani ya mashua, kitundu kile kina thamani kuliko mambo mengi yanayotangazwa.

Halafu kitufe. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo simu za leo zilipotunyima kitu. 808 ilikuwa na kitufe cha kupigia picha upande wa kulia, chenye hatua mbili kama cha kamera halisi. Ukikibonyeza nusu, lenzi inalenga na kufunga umbali. Ukikimalizia, picha inapigwa papo hapo. Simu ikiwa imefungwa ndani ya mfuko, ukikibonyeza na kukishikilia, kamera inafunguka bila kugusa skrini.

Pale Pangani, watoto hupenda kuruka mtoni kutoka ukingoni, jirani na mahali pantoni inapokwenda na kurudi Bweni. Kuwapiga picha wakiwa hewani kwa simu ya kugusa skrini ni kazi ya bahati. Unagusa, simu inafikiri, inalenga, mtoto kashazama. Kwa 808 nilikuwa nalenga ule ukingo kabla hawajaruka, nashikilia kitufe nusu, nainua macho niwatazame wao badala ya skrini, na miguu ikiacha ukingo namalizia. Nina picha za watoto wale ambazo matone ya maji yanahesabika juu ya vichwa vyao. Jua la saa sita mchana, mkono umelowa, skrini yoyote ingekataa amri. Kitufe hakijui kulowa. Aliyekiweka pale alifikiria mkono wa mtu aliye kazini, na mimi humheshimu mbunifu wa namna hiyo hata kama simjui.

Kuvuta picha karibu nako kulikuwa na uaminifu ambao sijauona tena. Unatelezesha kidole juu ya skrini, inatokea fremu ndogo kukuonyesha utakachobaki nacho. Kwa kuwa kihisi kilikuwa na pikseli za ziada, simu ilikata sehemu ya katikati na kutumia pikseli chache zaidi kwa kila pikseli ya picha, mpaka inafika mahali pikseli moja ya kihisi ni pikseli moja ya picha. Kwa picha ya megapikseli 5 hapo ni karibu mara tatu. Ukifika hapo, inagoma. Hata ukitelezesha vipi, haisogei mbele, kwa sababu kuanzia hapo ingelazimika kubuni. Nilipoielewa sababu hiyo niliipenda zaidi. Simu za sasa zinaandika mara 30, mara 100, na ukitazama picha yenyewe unaona mnara wa msikiti uliochorwa upya na mashine, wenye nakshi ambazo fundi hakuzijenga.

Sasa nije kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikuwa msukaji wa mikeka. Alisuka ukili wa chane za ukindu zilizopakwa rangi, kisha ukili unashonwa pamoja kuwa mkeka. Katika ukoo wetu kulikuwa na mchoro mmoja ambao aliujua yeye tu, wa pembe zinazokimbizana, zambarau na kijani. Nilimkuta barazani alasiri, jua limelala upande, mikono yake inakwenda bila yeye kuitazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na lidude gani hilo?"

Nikamwambia ni simu. Akaigeuza, akaigusa ile nundu, akanirudishia. "Haya, piga. Lakini ngoja nijisitiri." Akavuta mtandio, akaurekebisha mabegani, akarudi kwenye ukili wake. Nilibadilisha mpangilio ili nipate picha kamili ya megapikseli 38, kwa sababu nilitaka kuichapa kubwa. Megapikseli 38 ndizo nyingi kabisa ambazo 808 inazitoa kwa picha moja, kwa kuwa pembe za kihisi hubaki nje ya picha kulingana na umbo unalochagua. Picha ya namna hiyo inachapika kwenye karatasi ya sentimita 60 kwa 45 bila kupoteza ukali. Nikaipeleka studio mjini Tanga, wakaichapa, nikaitia fremu.

Siku nilipoipeleka nyumbani ndugu walikusanyika. Wao walitazama uso. Bibi aliisogelea, akatazama mikono, kisha ukili, akaweka kidole juu ya kioo. "Hapa niliruka chane," akasema. Tukasogea. Kweli, kwenye pembe moja chane ya kijani ilipita juu mahali ilipopaswa kupita chini. Mimi niliyepiga picha ile sikuwa nimeliona jambo hilo, wala sikujua kwamba kuna jambo la kuona. Simu ililichukua tu kwa sababu lilikuwepo.

Nilidhani habari imekwisha hapo. Baada ya miaka michache macho ya bibi yaliingia mtoto wa jicho, vidole navyo vikakakamaa, akaacha kusuka mchoro ule. Binti wa mjomba wangu alikuwa ameanza kusuka na kuuza mikeka pamoja na wenzake, akautaka. Bibi alimweleza kwa mdomo, lakini mikono iliyozoea kazi mara nyingi haiwezi kuieleza. Mkeka wa mwisho wenye mchoro ule ulikuwa umeliwa na panya nusu. Binti yule akaipiga picha nusu iliyobaki, ndani ya nyumba, kwa simu yake mpya ya bei ya kati yenye kamera tatu. Tulipoikuza picha ile, chane zote zilikuwa zimeungana. Rangi zilikuwa kali kupendeza, mistari ya nje imenyooka, lakini ndani ya mistari hakukuwa na msuko. Simu iliona vijistari vingi gizani ikadhani ni uchafu, ikavifuta.

Tukaenda kwenye ile picha ya ukutani. Nililitoa faili halisi, nikalifungua kwenye kompyuta, tukakuza mikono ya bibi mpaka ikajaa kioo. Binti yule wa mjomba alichukua kalamu na daftari, akahesabu chane: juu mbili, chini moja, juu moja, akaandika mpaka akalikuta lile kosa la bibi na kuliruka. Sasa mchoro ule unasukwa tena.

Tangu hapo nina kipimo kimoja cha kamera ambacho sikiachi: inahifadhi kiasi gani cha kile ambacho mpigaji mwenyewe hakukitazama? Uzuri wa rangi unarekebishika baadaye, mwanga pia kwa kiasi chake. Lakini chane iliyofutwa wakati wa kupiga hairudi kwa programu yoyote. Kinachorudi ni chane ya kubuniwa.

Kipimo hicho kinagusa nyuso zaidi ya mikeka. Simu nyingi zinazouzwa kwetu hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa kulainisha ngozi, na nyingine kuing'arisha. Mama yangu mdogo alipiga picha ya bibi kwa simu ya namna hiyo, akaileta kwa furaha: "Hii ndiyo nzuri. Mama anaonekana kijana." Sikubishana naye, ni picha ya mama yake na ana haki ya kuipenda. Ila katika picha ile alama ndogo ya kuungua iliyokuwa juu ya nyusi ya bibi tangu utoto wake haipo, na rangi ya ngozi si yake. Kitukuu atakayeiona atamjua mwanamke mwingine. Kuna watengenezaji walioliona tatizo hili. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza kwamba wameirekebisha kamera yao ili ngozi nyeusi na ya maji ya kunde itoke ilivyo. Ni hatua ya heshima. Nokia 808 haikuwa na mpango maalumu wa ngozi yetu, ila ilikuwa na mkono mwepesi: haikunoa kingo kupita kiasi, haikukoleza rangi, haikupaka uso poda. Wengi waliziita picha zake baridi. Kwangu zilikuwa za kweli.

Usiku ilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni flashi ya zenoni, aina ileile inayotumika kwenye taa za studio. Simu nyingi hutumia taa ya LED, ambayo ni dhaifu na huwaka kwa muda mrefu, hivyo mtu akitikisika anaacha ukungu. Zenoni hutoa mwanga wote kwa mpigo mmoja mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Kwenye sherehe za harusi, wanawake wakiwa katikati ya chakacha, nilipata miguu imesimama hewani, pindo la kanga limefunguka, hata jina la kanga linasomeka. Ukimsogelea mtu karibu mno flashi ile inamchoma uso, na nyuma yake kunakuwa giza tupu, kwa hiyo ilitaka ujifunze kusimama hatua mbili tatu nyuma. Nilijifunza.

La pili ni sauti. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu watathmini wa simu hulipita haraka. Nokia waliweka maikrofoni zilizoweza kupokea sauti ya hadi desibeli 140 bila kupasuka. Kwa mtu wa Ulaya hilo pengine lilihusu matamasha. Kwetu linahusu kila harusi. Simu ya kawaida ukiisogeza karibu na ngoma au spika za taarabu inarekodi mkwaruzo mtupu. Video zangu za 808 zina ngoma nzito inayosikika duara, zumari juu yake, na katikati sauti ya mama mmoja akipiga vigelegele kutoka mbali. Nikizichezesha leo kwenye spika nzuri, wageni huuliza nilirekodi kwa kifaa gani.

Nimesema nataka kuitathmini kwa haki, basi nije kwenye upungufu, na haukuwa mdogo.

Skrini yake ya inchi 4 ilikuwa na pikseli 640 kwa 360. Picha ya megapikseli 38 ukiitazama humo unaona chini ya sehemu moja kwa mia ya ulichopiga. Ilionekana vizuri juani, nakiri, lakini simu iliyojengwa kwa ajili ya picha haikuweza kukuonyesha picha zake. Ulilazimika kusubiri kompyuta. Haikuwa na kitulizaji cha mtikisiko ndani ya lenzi, hivyo jioni bila flashi ilitaka mkono wa mtu aliyetulia. Haikuweza kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 15. Kuvinjari intaneti kulikuwa kwa taabu.

Taabu hiyo ilitoka mbali. Februari 2011, mwaka mzima kabla 808 haijaonyeshwa, Stephen Elop aliyekuwa akiiongoza Nokia alitangaza kwamba kampuni inahamia Windows Phone. Symbian, mfumo uliokuwa ndani ya 808, ulikwisha kupewa hukumu. Wahandisi wa kamera walikuwa wameijenga kazi yao juu ya mfumo huo kwa miaka, na haikuwezekana kuihamisha haraka. Januari 2013 Nokia wakathibitisha kwamba 808 ndiyo simu yao ya mwisho ya Symbian. Kwa hiyo mtu aliyeinunua alinunua kamera bora kuliko ya simu yoyote iliyokuwepo duniani, ndani ya simu ambayo watengenezaji wa programu walikuwa wameshaipa kisogo. Instagram haikuwahi kutoa programu yake rasmi ya Symbian. WhatsApp waliiacha tarehe 30 Juni 2017.

Siku ile ya WhatsApp ndiyo iliyonitenganisha nayo kama simu. Kwetu picha isiyotumwa kwenye kundi la familia ni kama haijapigwa kwa nusu ya ndugu. Nikawa na simu mbili: 808 ya kupiga, nyingine ya kutuma. Nahamisha kwa kadi ya memori, au nachomeka flashi ya kuhifadhia mafaili kwa waya mdogo wa USB, jambo ambalo iliweza kulifanya tangu siku ya kwanza. Mimi kazi yangu ilinilazimisha kuvumilia. Mama mwenye duka, mwanafunzi, dereva, kwa nini avumilie? Kwao simu ile ilishindwa, na naandika hivyo ingawa naipenda. Kifaa hakiishi peke yake. Kinaishi na programu, na mafundi, na vipuri, na watu wanaopokea ulichokitengeneza.

Mrithi wake, Lumia 1020, alikuja Julai 2013 akiwa mwembamba zaidi, mwenye kitulizaji cha mtikisiko na uhodari wa gizani. Namba ileile, 41. Nilipata kuitumia ya rafiki. Ilikuwa nzuri, ila baada ya kila picha ilikufanya usubiri, na pale mtoni watoto hawasubiri. Mwaka 2014 kitengo cha simu cha Nokia kikawa mali ya Microsoft na njia ile ikafungwa.

Wazo halikufa. Mwaka 2019 Xiaomi walitoa simu yenye kihisi cha megapikseli 108, na mwaka uliofuata Samsung Galaxy S20 Ultra ikawa inajumlisha pikseli tisa kuwa moja. Ni lile shauri la 808, ingawa halikutajwa. Mwaka 2022 Xiaomi 12S Ultra ikaja na kihisi kinachoitwa cha inchi moja, na nundu mgongoni kubwa kupita ile iliyochekwa. Sasa nundu ni fahari. Na simu nzuri za leo zinaishinda 808 wazi kabisa mahali pawili: gizani bila flashi, na mahali penye dirisha lenye jua kali na mtu aliye kivulini, kwa sababu zinapiga picha nyingi kwa mkupuo na kuziunganisha. Anayesema 808 haijapitwa anaongozwa na mapenzi.

Lakini mtu wa karibu, mchana, mwanga wa barazani, kitu chenye msuko, chenye nyuzi, chenye makunyanzi: hapo bado naichukua kabla ya simu yangu ya sasa, iliyotoka zaidi ya miaka kumi baadaye.

Ukienda kununua simu kwa ajili ya picha, usiulize megapikseli. Muombe muuzaji atoke nawe hadi mlangoni, mpige picha kanga iliyo hatua kadhaa mbele, kisha uikuze usome jina lake. Mpige uso mzee anayepita, kwa ruhusa yake, utazame kama makunyanzi yake yapo. Ingia kwenye mipangilio uzime urembo, upige tena. Simu ikikataa kuuzima, rudisha.

Na kama una Nokia 808, au Nokia N8, au yoyote ya umri huo iliyolala kabatini, itoe wiki hii. Betri za zamani huvimba na kusukuma mfuniko, na picha nyingi huwa zimekaa kwenye memori ya ndani, si kwenye kadi. Betri ya 808 hutoka kwa mkono na bado hupatikana kwa mafundi wanaouza vipuri vya zamani. Iwashe, nakili kila kitu kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili, kisha chagua picha za wazee wako uzichape kubwa, kama zilivyopigwa.